Nataka udiwani kwetu Makorora, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi fundi cherehani, nimezaliwa na kukulia hapa hapa Makorora, Tanga mjini, nina miaka 34. Akina mama wenzangu wa kikundi wananambia 2030 nichukue fomu ya udiwani, mume wangu hana neno, ila sina chama na hela ndo hivyo tena. Wengine wanasema nisubiri viti maalum ndo rahisi kwa mwanamke. Je naweza kusimama mwenyewe bila chama? Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Bila chama haiwezekani, hilo tulimalize mapema, sheria inataka uwe mwanachama na chama chako kikupendekeze. Marehemu Mchungaji Mtikila aliipigania hii mahakamani miaka na miaka mpaka Mahakama ya Afrika pale Arusha ikampa haki 2013, lakini mgombea binafsi bado hatuna na mi hilo linaniuma kwelikweli. Kwaiyo tafuta chama sasa hivi, maana ukichukua kadi wakati kura za maoni za kuchagua wagombea ndani ya chama zimekaribia wajumbe watakuuliza ulikuwa wapi siku zote.

Viti maalum siyo vibaya, unaingia barazani na unapiga kura kama wenzio, ila mi nasema gombea kata. Diwani wa kata ndo mwenyekiti wa kamati ya maendeleo ya kata, mtendaji wa kata ndo katibu wake, na pale ndo miradi ya kwenu inapojadiliwa kabla haijapanda jiji.

Sasa kubwa ninalotaka ulishike ni kuijua kazi kabla hujaiomba. Wengi wanapanda jukwaani wanaahidi lami na maji, wakati barabara za mitaa ziko TARURA, wakala wa serikali wa barabara, tangu 2017 na maji ni ya Tanga UWASA, mamlaka ya maji, diwani anaweza kuwafuata na kuwabana lakini hela hiyo baraza haliigawi. Linachogawa ni mapato ya ndani ya jiji, yani ushuru wa masoko, leseni na kadhalika, alafu kuna usafi na taka, zahanati, madarasa, na ile asilimia 10 ya mapato hayo inayokopeshwa vikundi, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Na we uko kwenye kikundi! Mikopo ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, basi fuatilia vikundi vingapi vya Makorora vimepata, vipi vilikataliwa na kwa sababu gani, wasaidie wenzio kujaza fomu zao vizuri, hapo watu watakujua kwa kazi na wala hujaomba kura ya mtu. Vikao vya baraza la madiwani ni vya wazi, nenda kakae usikilize nani anauliza swali la maana na nani anapiga makofi tu.

Hela usikope tafadhali, diwani anaishi kwa posho, deni litakutafuna miaka mitano yote. Mtu akikwambia toa kitu kidogo kwa wajumbe ili upite, kataa, takrima, yani kuwakirimu wapiga kura, Mahakama Kuu iliifuta 2006 na 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi, TAKUKURU wakikukamata hakuna wa kukusemea.

Cherehani endelea nayo. Na mkutano wa mtaa wenu ukiitishwa nenda, ukifika omba mapato na matumizi yasomwe.