Re: Lamu mpaka Kipungani kwa miguu, maji yalinizuia Shela

Salama ndugu. Kwa hiyo ulitoka Lamu mjini asubuhi, kufika kabla ya Shela ukakuta bahari imekula njia, ukarudi, na sasa unauliza kama kuna njia nyingine ya kwenda Kipungani, kile kijiji cha upande wa pili wa kisiwa. Njia ni ile ile tu, shida ni saa uliyotoka.

Cha kwanza angalia jedwali la maji kupwa na kujaa, ama uliza nahodha yeyote pale gatini. Siku za bamvua, yaani mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji hupwa kama saa nne saa tano asubuhi, halafu kila siku yanachelewa kama dakika hamsini. Toka mjini saa mbili hivi maji yakiwa yanarudi nyuma, Shela ni kilomita tatu tu, ukishapita kijiji una ufuo wa kama kilomita 12 mbele yako hakuna duka hakuna kivuli, kwa hiyo maji ya kunywa beba ya kutosha. Tembea kwenye mchanga uliolowa karibu na mawimbi, ule mkavu wa juu miguu inazama mpaka kifundo na utachoka kabla ya nusu.

Usiende peke yako huko nyuma ya matuta ya mchanga, chukua kijana wa Shela akuongoze. Kurudi mimi napanda boti Kipungani, ila bei patana kabla hujatoka mjini, ukishafika huko umechoka nani atakupunguzia?