Wanaipinga taswira au wanaiuza?

SWALI: Ndugu Mhariri, mara nyingi nawasikia wanahip-hop wa Marekani wakilalamika kwamba wanaume Weusi huonyeshwa kama wahalifu, ilhali nyimbo za hao hao zimejaa bunduki na majigambo. Je, wanaipinga taswira hiyo au wanaiuza?

JIBU: Wanafanya yote mawili, na pengine ni msanii yule yule. Taswira yenyewe ni kongwe kuliko hip-hop: katika miaka ya 1830 mwigizaji Mzungu, Thomas Rice, alijipaka weusi usoni na kumwigiza jukwaani mtu Mweusi wa kuchekwa aliyeitwa Jim Crow, jina ambalo baadaye lilibandikwa sheria za ubaguzi.

Kwa maoni yangu, walioikabili vizuri zaidi ni wale walioirudisha sura hiyo mbele ya mtazamaji badala ya kuikana tu. Katika video ya This Is America ya mwaka 2018, Childish Gambino, akiwa kifua wazi, anajipinda kwa mkao ambao wengi waliufananisha na michoro ya Jim Crow, kisha anampiga risasi mtu aliyefunikwa kichwa. Bastola inapokewa kwa adabu juu ya kitambaa chekundu, huku maiti ikiburutwa sakafuni. Anaendelea kucheza, nawe unajikuta unamkodolea macho yeye, si wale wanaokimbia ovyo nyuma yake. Hapo anayehojiwa ni wewe uliyekuja kuburudika.

Jay-Z, katika albamu ya 4:44 ya mwaka 2017, alikwenda mbali zaidi. Video ya The Story of O.J. ni katuni za midomo minene, za mtindo uliotumika zamani kuwadhihaki Weusi. Lakini katika wimbo unaobeba jina la albamu anamwomba radhi mkewe, Beyoncé, kwa kukosa uaminifu. Huo wa pili ndio naona ulikuwa mgumu kuuandika, kwa sababu humo hamna Mzungu wala soko la kusingizia.

Ama hayo majigambo ya bunduki, si ushahidi kwamba msanii ametenda anayoyaghani, ingawa waendesha mashtaka wa Marekani wamekuwa wakiyasoma mashairi ya rap mahakamani kana kwamba ni maungamo. Mwaka 2022 jimbo la California lilipitisha sheria inayomtaka hakimu apime kwanza iwapo mashairi hayo yana uzito wowote katika kesi au yataamsha tu chuki ya rangi.