Oili ya gari: nunua mwenyewe, na ujue gari lako linakunywa lita ngapi

Nina Toyota IST ya injini ya 1NZ. Miaka ya mwanzo nilimwachia fundi kila kitu: nampa hela, anakwenda dukani, anarudi na galoni. Siku moja nikataka kubana matumizi, nikanunua galoni barabarani hapa Dar es Salaam kwa karibu nusu ya bei ya dukani. Mwezi haukuisha, taa nyekundu ya oili ikaanza kuwaka nikiwa kwenye foleni. Fundi alipoimwaga, ilitoka nyepesi kama maji. Tangu hapo oili naitafuta mwenyewe, na gharama zangu zimeshuka bila kurudi kwenye galoni za njiani.

Anza na ujazo. 1NZ inachukua lita 3.7 ukibadilisha na filta, kwa hiyo galoni ya lita 4 inatosha. Ukiambiwa ununue ya lita 5, uliza ile zaidi ya lita moja inakwenda wapi. Kile kidogo kinachobaki kwenye galoni yangu nakiweka kwenye buti, cha kuongezea kipimo kikishuka.

Halafu namba ya uzito wa oili. Utaambiwa joto la Dar linataka oili nzito, weka 20W-50. Namba iliyo kabla ya W inahusu injini ikiwa baridi, pale unapowasha asubuhi. Ya nyuma inahusu injini ikishapata moto. Na injini ikishapata moto, themostati ndiyo inayoshikilia joto lake, uwe Dar au Mbeya. Mimi natumia 5W-30, kama Toyota walivyoelekeza. Injini hizi zina VVT-i, mfumo wa kurekebisha muda wa valvu kufunguka, unaofanya kazi kwa presha ya oili inayopita kwenye vijitundu vyembamba, kwa hiyo nzito si lazima iwe bora. Kama kitabu cha gari lako ni cha Kijapani, angalia kifuniko cha kujazia oili. Mara nyingine namba imeandikwa hapo.

Geuza galoni nyuma usome herufi za API, yaani daraja la ubora wa oili. Hapa ndipo wengi wanapoliwa. Kwa injini za petroli, SL ilianza 2001, SN 2010, SP 2020. Galoni rahisi sana ukiisoma unaweza kukuta SF, oili ya magari ya miaka ya 1980. Si feki, ila si ya gari lako, na hiyo bei nafuu haikusaidii kitu.

Bei yenyewe ipigie hesabu kwa kilomita. Tuseme galoni moja ni sh 50,000 na itakupeleka km 3,000. Nyingine ni sh 90,000 na itakupeleka km 7,000. Ya kwanza inakugharimu karibu sh 17 kwa kilomita, ya pili karibu sh 13. Na hapo bado hujaweka filta na hela ya fundi, ambazo kwenye ile ya kwanza utazilipa zaidi ya mara mbili.

Punguzo la kweli nililipata kwa kununua boksi zima. Tulikuwa wanne kazini, tukachanga, tukaenda kwa wakala wa jumla, tukagawana galoni. Oili ambayo haijafunguliwa inakaa miaka kadhaa mahali pakavu pasipo na jua, kwa hiyo hakuna haraka. Dai risiti ya EFD. Angalia sili ya kifuniko na namba ya toleo iliyopigwa kwenye galoni; ikiwa imefutikafutika, rudisha. Muuzaji akisema, "Bosi, hii ni ileile, ila haina sili," mshukuru uondoke.

Siku ya kumwaga, simama pale pale, fungua sili mwenyewe. Ukimaliza, galoni tupu usiiache gereji. Mimi naitoboa kitako kwa bisibisi, kwa sababu galoni nzima yenye lebo safi ndiyo inayojazwa upya na kurudi barabarani, kama ile niliyouziwa mimi.