Geji ya mafuta pekee haitoshi
Je, geji inatosha kujua mafuta yaliyobaki kwenye ndege ndogo? Hapana, usiitegemee peke yake. Mafuta huyumbayumba tangini na mshale hudanganya, ndiyo maana rubani hupima kwa kijiti kabla ya kuruka, kisha hugawa lita alizonazo kwa lita zinazoliwa kila saa na kuufuata muda huo kwa saa ya mkononi. Sheria ya Marekani ya kuruka kwa kuona nje inadai akiba ya mafuta ya kuruka dakika 30 mchana, 45 usiku. Hicho ni kima cha chini tu. Upepo wa mbele ukizidi utabiri, nusu saa huyeyuka. Mimi nashikilia akiba ya saa nzima. Angalia pia valvu ya kuchagulia tangi, maana injini huweza kuzimika huku tangi la pili limejaa.