Folda kubwa kuliko diski yenyewe: maswali ya wasomaji kuhusu programu pepe

Barua kadhaa tulizopokea kutoka Nyanda za Juu Kusini zimehusu ofisi na vyuo ambavyo havisakinishi programu kwenye kila kompyuta, bali huzisambaza kutoka kwenye seva kwa kutumia App-V ya Microsoft; programu za namna hiyo ndizo ziitwazo pepe. Karibu wote walioandika wanalalamikia diski. Kabla ya kuwajibu ninaomba radhi kwa neno moja: pale ambapo mafundi wengine wangesema "kifurushi", mimi nitasema "pakeji", kwa sababu kifurushi kwetu kimekwisha kuwa mali ya kampuni za simu, na nisingependa mtu afikiri ninazungumzia bando.

SWALI: Ninasimamia maabara ya kompyuta katika chuo kimoja jijini Mbeya. Tuna kompyuta 40, kila moja ikiwa na diski ya SSD ya GB 128. Programu za takwimu, ramani na uchoraji zinaletwa na seva kwa njia ya App-V. Nilipokuwa nikitafuta kinachojaza diski, nilikuta folda ya App-V, iliyomo ndani ya ProgramData, inasomeka GB 141, ilhali diski nzima kwa hesabu ya Windows haifiki GB 120. Mkuu wa kitengo cha TEHAMA ameiona namba hiyo na kuagiza folda ifutwe kwenye kompyuta zote kabla ya mitihani. Hesabu hii inawezekanaje, na je, nitekeleze agizo? – Msomaji, Mafiati, Mbeya

JIBU: Usifute kwanza, ndugu msomaji. Mwombe mkuu wako dakika kumi, ukae naye mbele ya kompyuta moja tu.

Programu inayosambazwa kwa App-V hufungwa yote ndani ya faili moja lenye kiambishi .appv, ambalo hukaa kwenye seva. Kompyuta ya mwanafunzi inapopewa programu hiyo, haisubiri ishushe kila kitu ndipo imruhusu kuifungua. Hutengeneza folda ya pakeji na kuyapanga humo mafaili yote kwa majina yake na ukubwa wake kamili, lakini mengi kati ya hayo huwa bado hayana kitu ndani. Mfumo wa mafaili wa NTFS unaruhusu jambo hili: faili linaweza kutangaza kuwa lina megabaiti 200 huku sehemu kubwa yake ikiwa ni matundu ambayo hayajatengewa nafasi yoyote kwenye diski. Mwanafunzi anapobofya kitu kinachohitaji kipande fulani, kipande hicho huletwa kutoka kwenye seva, tundu lake huzibwa, na kuanzia hapo hubaki kwenye diski kama akiba ili kisiletwe tena kesho. Akiba hiyo ndiyo mafundi wanayoiita kache.

Mfanyabiashara wa viazi pale Mwanjelwa anaweza kuchora chaki sakafuni nafasi za magunia 100, ilhali Fuso iliyotoka Uporoto imeshusha magunia 12 tu. Anayehesabu michoro ya chaki atasema ghala limejaa, na anayehesabu magunia atasema bado kuna pa kucheza mpira. Windows inajua hesabu zote mbili, ila watu wengi husoma ya kwanza tu.

Bofya folda hiyo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Properties, kisha subiri ihesabu, kwa maana mafaili ni mengi. Utaona mistari miwili iliyokaribiana. Ule ulioandikwa Size unajumlisha michoro ya chaki, na humo ndimo GB 141 zilimotoka. Ule ulioandikwa Size on disk unahesabu magunia yenyewe, na huo ndio unaoila diski yako. Mimi nilijaribu mezani kwangu kwa faili moja la pakeji ya kuchorea ramani: Size ilikuwa MB 212 na Size on disk MB 9. Nikaifungua programu, nikapekua menyu mbili tatu, nikaifunga. Mstari wa kwanza haukubadilika hata kidogo, wa pili ukapanda hadi MB 31. Mkuu wako akiwa bado na mashaka, fungua dirisha la amri kwa haki za msimamizi, uandike fsutil sparse queryflag na kufuatiwa na njia ya faili lolote kubwa lililomo humo. Windows yenyewe itamjibu kama faili hilo ni la matundu au la.

Ninasisitiza kutofuta kwa mkono kwa sababu App-V ina daftari lake la kumbukumbu linaloeleza pakeji zipi zipo, ziko wapi na zimefika kiasi gani, na daftari hilo halisomi mawazo ya aliyefuta. Ukiilazimisha folda ifutike, njia za mkato zitabaki kwenye skrini zikionekana nzima, mwanafunzi atabofya, na programu haitafunguka. Hata ukifanikiwa kuzirejesha, utakuwa umelazimisha kompyuta 40 ziombe mzigo uleule kwa seva moja, tena yaelekea asubuhi ya mtihani.

Ikiwa kuna programu ambayo kweli haihitajiki tena, iondoe kwanza kwenye orodha ya seva inayoisambaza, la sivyo utaifuta leo na kompyuta itaipokea upya ikisalimiana na seva. Hapa kuna jambo linalowapita wengi: kuiondoa kwenye orodha huondoa njia za mkato, lakini yale yaliyokwisha kuletwa hubaki kwenye diski. Kuyaondoa kunahitaji amri ya Remove-AppvClientPackage katika PowerShell, dirisha la Windows la kuandikia amri. Windows 10 toleo la 1607 la mwaka 2016 ndilo lililoiingiza App-V ndani ya Windows ya Enterprise na Education, na kuanzia toleo la 1703 la mwaka 2017 kuna pia mpangilio uitwao AutoCleanupEnabled, ambao huzisafisha pakeji zisizotumika tena kompyuta inapowashwa upya. Mpangilio huo ukiwa umezimwa, matoleo ya zamani ya programu ileile yanaweza kukaa humo kwa miaka kama magazeti ya juzi.

Ninachokishuku mimi katika maabara yako si App-V. Ingia kwenye C:\Users uhesabu majina. Katika maabara ambako wanafunzi hukaa popote palipo wazi, kila anayeingia kwa jina lake huacha nyumba nzima: vitu vya kivinjari, alivyopakua, picha za harusi ya dada yake. Nyumba hizo hazina matundu, kila gigabaiti yake ni gigabaiti. Kuna sera ya Windows inayofuta wasifu wa watumiaji wasioonekana kwa idadi ya siku utakayoitaja, na hufanya kazi kompyuta inapowashwa upya. Watangazie wanafunzi wahifadhi kazi zao kwingine, kisha iwashe sera hiyo, ndipo upime tena.

SWALI: Ofisi yetu ya tawi iko Iringa mjini na seva iko makao makuu, Dar es Salaam. Mtandao unapokatika, baadhi ya programu hufunguka vizuri na nyingine hugoma kabisa, na kuna iliyofunguka lakini ikaganda tulipotaka kuchapisha. Fundi wa makao makuu anashauri tuwashe Shared Content Store ili kompyuta zetu ziwe nyepesi. Tukubali? – Msomaji, Miyomboni, Iringa

JIBU: Ushauri huo ni mzuri kwa mahali pengine, lakini kwenu utawaumiza. Shared Content Store huiambia kompyuta isiweke akiba ya programu kwenye diski. Kila kipande kinachohitajika huvutwa kutoka kwenye seva hadi kwenye kumbukumbu ya muda, na diskini hubaki tu vitu vidogo vya kuitangaza programu, kama aikoni na maelezo yake. Ulibuniwa kwa ajili ya seva ambazo watumiaji wengi hufanyia kazi zao kwa pamoja, zikiwa zimeunganishwa na hifadhi kwa waya wa kasi ndani ya chumba kimoja. Kati ya Miyomboni na Dar es Salaam hakuna chumba kimoja. Mkiuwasha, siku mtandao ukikatika hata programu zile zinazofunguka leo zitagoma.

Tabia mnayoiona inaeleweka. Programu zinazofunguka ni zile ambazo matundu yake yamekwisha kuzibwa kwa kutumiwa mara kwa mara. Ile iliyoganda kwenye kuchapisha ilikuwa na vipande vya kuandikia, lakini cha kuchapishia kilikuwa bado kiko makao makuu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kukiomba kwenye kompyuta hiyo.

Ninyi mnahitaji kinyume cha ushauri wa fundi, yaani kuujaza mzigo wote mapema. Amri ya Mount-AppvClientPackage huileta pakeji nzima hadi asilimia 100, na ukiandika Get-AppvClientPackage utaona katika safu ya PercentLoaded kila pakeji imefika wapi. Kuna pia mpangilio uitwao AutoLoad wenye namba tatu: 0 hauleti chochote kwa nyuma, 1 huleta zilizobaki za programu zilizokwisha kutumika, na 2 huleta zote. Kwa kawaida huwa 1. Kwa tawi lenye programu chache ambazo kila mtu anazitumia ningeweka 2, na kazi hiyo ningeianza Ijumaa jioni watu wakiwa wameondoka, maana kompyuta kumi zikivuta kwa pamoja saa nne asubuhi mtasikia kelele kutoka uhasibu. Makao makuu wakikubali kuwasha BranchCache, kompyuta ya kwanza itashusha na majirani zake watachukua kwake, badala ya kila moja kwenda Dar es Salaam.

Gharama yake mtailipa kwa diski. Ule mstari wa Size on disk niliomweleza msomaji wa Mafiati utapanda mpaka ukaribiane na Size, na hapo hesabu ya chaki itakuwa hesabu ya magunia. Jumlisheni ukubwa wa pakeji zenu kabla hamjaanza.

SWALI: Mwenzetu aliharibu mipangilio ya programu moja pepe. Tuliiondoa pakeji tukairudisha, lakini ubovu ukarudi nayo. Kwani hayo mabadiliko yalijificha wapi? – Msomaji, Njombe

JIBU: Hayakujificha, yalikuwa chumbani kwake. Mafaili ya pakeji hayaguswi na mtumiaji. Anapobadilisha kitu, App-V humtengenezea nakala ya kipande hicho ndani ya wasifu wake, chini ya AppData, na tangu hapo programu husoma nakala yake kabla ya kusoma asili. Baadhi hukaa kwenye AppData\Local\Microsoft\AppV\Client\VFS na nyingine kwenye upande wa Roaming, unaomfuata mtumiaji kutoka kompyuta moja hadi nyingine, ndiyo maana wakati mwingine ubovu humfuata mtu hata akihamia meza nyingine. Kuiondoa pakeji hakukugusa nakala hizo. Programu ikiwa imefungwa, tumieni Repair-AppvClientPackage pamoja na swichi ya -UserState. Hiyo husafisha ya mtumiaji na kuiacha akiba ya pakeji ilivyo. Mwambieni mwenzenu mapema kwamba atapoteza mipangilio yake yote ya programu hiyo, mizuri na mibaya. Wanaotumia ThinApp, programu ya VMware ya kazi kama ya App-V, watakuta mantiki ileile kwa sura nyingine: mabadiliko huwekwa kwenye folda ya mtumiaji iitwayo Thinstall, jina ambalo programu hiyo ilikuwa nalo kabla VMware haijainunua mwaka 2008.

SWALI: Kompyuta zetu za zamani zina diski Q ambayo haifunguki, na faili liitwalo SFTFS.FSD lenye GB 6 ambalo halipungui hata tukiondoa programu. – Msomaji, Tukuyu

JIBU: Hiyo ni App-V ya kizazi cha nne, na folda yake bado inaitwa SoftGrid, jina ililokuja nalo Microsoft ilipoinunua kampuni ya Softricity ya Boston mwaka 2006. Diski Q si diski, ni dirisha tu la kuonyeshea yaliyomo katika faili hilo moja, kwa hiyo msihangaike kuisafisha. Katika kizazi hicho programu zote huwekwa ndani ya SFTFS.FSD, ambalo kikomo chake cha kawaida ni GB 6. Ukiondoa programu, nafasi yake huwa huru ndani ya faili kwa ajili ya programu nyingine, lakini faili lenyewe halisinyai, kama debe ambalo halipungui kwa kumwagwa mahindi. Kikomo kinaweza kuongezwa. Kukipunguza maana yake ni kuifuta akiba yote ianze upya: katika rejista ya Windows, chini ya SoftGrid\4.5\Client\AppFS, thamani ya State huwekwa 0 na kompyuta huwashwa upya. Fanyeni hivyo siku ambayo seva inapatikana, kwa maana baada ya hapo kila programu italetwa tena tangu mwanzo.