Usimuuze huyo dogo, mimi niliuza na risiti ninayo

Mkuu, weka simu chini kabla hujabonyeza kukubali.

Nimesoma ulichoandika nikiwa mapumziko ya shifti, chai imepoa na hamu ya kula imekata. Una TreVeyon Henderson, ranibeki (mchezaji wa kukimbia na mpira) wa New England, msimu wake wa kwanza, huu wa 2025. Kwenye ligi yenu ya fantasi ya kudumu ya mpira wa Kimarekani kuna jamaa anakupa chaguo la raundi ya kwanza na la raundi ya pili, yaani zamu zake za kuchagua wachezaji wapya, yote ya 2026. Unauliza umpe au usimpe. Wiki tatu zimepita, dogo hapewi mpira wa kutosha, anayeanza ni ranibeki mwenzake Rhamondre Stevenson, nawe uvumilivu umekuishia.

Usiuze.

Wenye busara watakuja kukwambia "inategemea na kikosi chako". Mimi sina hiyo busara. Naona mtu anaelekea kwenye shimo nililotumbukia, tena kwa njia ile ile, na mwenye shimo kasimama pembeni anamkaribisha kwa tabasamu.

Niko Columbus, Ohio, ghala la vifurushi, zamu ya usiku. Ligi yetu ni ya watu 12, Wabongo wengi, Wakenya kadhaa na Wakongo wawili wasiolipa kiingilio kwa wakati. Dola 100 kwa mwaka. Kwa ambao hawajui, hii siyo fantasi ya EPL ambayo Agosti kila mtu anaanza upya na akiharibu ana kadi ya kubadilisha timu nzima. Huku mchezaji ni wako mpaka astaafu au umuuze. Ukikosea leo, kosa linakua nawe kama mtoto, linafika shule ya msingi.

2023 nilimchukua Jahmyr Gibbs, ranibeki mgeni. Detroit walikuwa wamemnyakua nafasi ya 12 kwenye drafti ya Aprili, timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, watu wakawacheka kwamba ranibeki hachukuliwi mapema hivyo siku hizi. Mimi nikacheka na waliocheka, nikamchukua. Mechi ya kwanza, Kansas City, akabeba mpira mara 7, yadi 42. Ukimtazama unaona kabisa huyu ana miguu ya kuazima kwa swala, lakini mara 7! Wiki ya nne, Green Bay, ikawa dharau kabisa: ranibeki mwenzake David Montgomery alibeba mara 32 na kufunga tachidauni (mabao) 3, Gibbs wangu akabeba mara 8. Halafu akaumia msuli wa nyuma ya paja, akakaa nje.

Hapo ndipo nikaanza kutafuta ushauri, na ushauri ukanipata.

Kuna jamaa ana podikasti ya fantasi, simtaji, ana sauti nzuri kama ya mtangazaji wa vifo redioni. Wimbo wake ulikuwa mmoja: ranibeki ni maziwa, yanachacha, chaguo la drafti ni dhahabu. Kila kipindi lazima amlete ranibeki Herschel Walker: Oktoba 1989 Dallas walimuuza Minnesota kwa furushi la machaguo na wachezaji, katika yale machaguo wakampata Emmitt Smith, wakabeba Super Bowl tatu ndani ya miaka minne. Nikisikiliza nikiwa naendesha forklifti, nikajiona mimi ndiye Jimmy Johnson, kocha wa Dallas enzi hizo, toleo la Columbus.

Asichosema yule bwana ni kwamba Walker wakati huo alikuwa na miaka 27 na ameshakimbia kweli kweli. Hakuwa mtoto wa miaka 21 aliyekuwa bado anaulizia choo cha uwanja kiko wapi. Na ndiyo, maranibeki wanazeeka mapema. Lakini kama maziwa yanachacha, mbona unauza yakiwa ya moto? Miaka yake mizuri ndiyo ile ya mwanzo, na mimi niliiuza yote kwa kuogopa miaka ya mwisho.

Jumanne, 10 Oktoba 2023. Jamaa wa Mombasa anayeishi Dallas akanitumia ujumbe: "Kaka, nakuonea huruma." Hebu soma tena hayo maneno. Mtu wa ligi yako akikuonea huruma, funga mlango. Akanipa chaguo lake la raundi ya kwanza la 2024 na la 2025. Nikaingiza kwenye kalkuleta ya mtandaoni ya kupima mabadilishano, ikaniambia nimeshinda kwa asilimia sijui ngapi, na kijani kikawaka. Nikakubali nikiwa kwenye foleni ya kugonga kadi.

Hiyo kalkuleta, wallahi, ningemjua aliyeitengeneza ningemwalika chakula kisha nisipike. Ilihesabu yale machaguo kana kwamba yataangukia katikati ya raundi, la sita, la saba hivi. Fikiri kidogo tu: nimempa mtu mchezaji bora nikachukua machaguo YAKE. Maana yake kila yadi ambayo Gibbs anakimbia inampandisha yule bwana kwenye msimamo, na akipanda yeye, machaguo yangu yanashuka, maana bingwa huchagua wa mwisho. Niliuza ng'ombe kwa makubaliano ya kulipwa ndama, na ng'ombe akizaa vizuri ndama wangu anakonda. Hakuna podikasti iliyonieleza hili. Nimelijua kwa kuumia.

Siku tano baadaye, Montgomery akaumia mbavu.

Tarehe 22, Baltimore, Detroit wakafungwa 38 kwa 6, lakini Gibbs akadaka mara 9 na kufunga. Tarehe 30, Jumatatu usiku dhidi ya Raiders, akabeba mara 26, yadi 152. Nilikuwa naangalia kwenye simu nyuma ya makontena, supavaiza akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo. Akanipa dakika kumi za ziada, Mungu ambariki.

2024 Gibbs alikimbia yadi 1,412 na kufunga tachidauni 20 ukijumlisha za kudaka. Bwana Mombasa akachukua kombe na fedha, akaweka picha ya kombe kwenye kundi la WhatsApp kila Ijumaa kama salamu za Ijumaa Karim.

Mimi nilipata nini? Chaguo la 2024 likaangukia namba 11. Nikamchukua Jonathon Brooks wa Carolina, ranibeki wa kwanza kuchukuliwa na timu mwaka ule, nafasi ya 46, ametoka chuo Texas na goti lililofanyiwa upasuaji. Akacheza mechi 3, akabeba mpira mara 9, Desemba goti lile lile likaenda tena. Simlaumu kijana, namwombea. Najilaumu mimi niliyebadilisha magoti mawili mazima kwa moja la kuungwa. Chaguo la 2025 lilikuwa la 12, la mwisho kabisa, maana mwenyewe alikuwa bingwa kwa miguu niliyomuuzia. Hilo nililitoa kununua kotabeki (mrusha mpira) wa dharura, hadithi yake siiandiki nikiwa na njaa.

Najua kuna mtu atachomoa Trent Richardson, ranibeki aliyefeli. Haya, namchomoa mwenyewe. Nafasi ya 3 kwenye drafti ya 2012, Cleveland, timu ya huku kwetu Ohio, wakamuuza Indianapolis Septemba 2013 kwa chaguo la raundi ya kwanza, na msimu huo huko akakimbia chini ya yadi 3 kila akibeba. Cleveland walikuwa sahihi. Kisha na lile chaguo wakafanya nini? Wakalitumia kupanda mpaka nafasi ya 22, wakamchukua Johnny Manziel, kotabeki aliyewaangusha. Yaani hata ukimuuza yule anayefaa kuuzwa, bado kuna kazi ya kutokuwa Cleveland, na mimi tayari nimethibitisha naishi Ohio.

Kwa hiyo sheria yangu ni hii moja, na huinitoi hapo hata kwa chai na maandazi: ranibeki aliyechukuliwa raundi mbili za kwanza haguswi mpaka msimu wake wa pili uishe. Henderson alichukuliwa wa 38, raundi ya pili. Agosti 2025, mechi ya kwanza ya maandalizi, mpira wa kwanza kabisa aliugusa akaurudisha yadi 100 mpaka tachidauni. Miguu anayo. Ambacho mara nyingi wageni hawana ni imani ya kocha, maana ranibeki kazi yake siyo kukimbia tu, lazima asimame mbele ya jitu la kilo 120 linalomfuata kotabeki, na kotabeki wao Drake Maye ndiye roho ya timu. Hilo linafundishika. Wakati huohuo Stevenson dhidi ya Pittsburgh kadondosha mpira mara mbili ukachukuliwa. Makocha wanasamehe mengi, hilo hawasahau.

Na huyo anayekupa machaguo naye kaona mechi hiyo hiyo. Mbona ujumbe wake ulikujia Jumanne, siku mbili tu baada ya mechi?

Ukiona unawashwa sana, muuze Stevenson kama unaye, uza kika (mpiga mateke), uza jina la timu. Usijibu ujumbe wake usiku, subiri mpaka ulale. Halafu niambie jambo moja: hajakwambia anakuonea huruma? Maana kama yuko Dallas na picha yake ni jahazi, njoo faragha haraka.