Hiyo pakeji ya sevisi, mama, iache kwanza

Marahaba mama. Meseji yako niliiona usiku nikashindwa kuijibu palepale maana vidole vyangu na hizi simu unavijua, nikasema kukicha nitakaa niandike vizuri. Umesema gari umeshalichagua na mkopo umepita, sasa jamaa wa mauzo amekusogezea karatasi nyingine ya pakeji ya sevisi, unalipia zote mwanzoni, sevisi 6, miaka 3 au kilomita 60,000, kimoja kikitangulia ndo mwisho. Na kakwambia ukija kulipa mojamoja itakula hela nyingi zaidi. Unaniuliza uchukue au uache.

Acha. Ila usidhani nasema ni wizi, sio wizi, kuna watu inawafaa kabisa. Wewe ndo haikufai, na sababu umeiandika mwenyewe kwenye meseji, pale uliposema kwa mwaka gari halitazidi kilomita 9,000.

Chukua kalamu. Umesema sevisi yake ni kila kilomita 10,000 au kila miezi 12, chochote kitakachotangulia. Wewe 10,000 kwa mwaka huifikishi, kwa hiyo kitakachokupeleka gereji ni kalenda, mara moja kwa mwaka basi. Miaka 3, sevisi 3. Jamaa anakuuzia 6! Hizo 3 zilizobaki umemwachia kama chenji. Na wala hajakudanganya, hesabu yake imekaa sawa kwa mtu anayepiga kilomita 20,000 kwa mwaka, huyo miaka 3 inamkuta na 60,000 zake na sevisi zote 6 kashazila, tena kaokoa. Ndo maana nakwambia usiulize pakeji ni nzuri au mbaya, uliza wewe utazila ngapi.

Afu angalia na hizo 3 zako zina nini ndani. Mara nyingi sevisi za mwanzo ni kumwaga oili, kubadili oili filta, kuhamisha tairi za mbele ziende nyuma, fundi anachungulia breki, anapuliza ea klina, anagonga muhuri kwenye kitabu, kwaheri. Ya mwaka wa 2 inaweza kuongeza mafuta ya breki. Sevisi nene kwa magari mengi ni ile ya kilomita 40,000 au mwaka wa 4, hapo ndo mfuko unahisi, na wewe utaifikia pakeji ikiwa imeshakufa. Umelipia nyepesi kwa pamoja, nzito inakukuta mtupu. Na uliza kitu kingine, maana kuna makampuni yanatoa sevisi ya kwanza au mbili za mwanzo bure kwa gari jipya, isije ikawa bure hiyo imo ndani ya zile 6 unazolipia.

Mimi mwenyewe nilishanunua, sikuwahi kukusimulia kwa aibu. Kile kijitabu cha kuponi mpaka leo kipo kwenye droo ya dashibodi ya gari letu la zamani, kuponi 2 zimechanwa, 4 ziko nzima na vitobo vyake vya kuchania hata havijakunjwa. Breki zilianza kulia, nikaenda kifua mbele, si nimeshalipia bwana, dada wa mapokezi akageuza karatasi upande wa pili akaweka kucha kwenye mstari mdogoo: vitu vinavyolika kwa matumizi havimo. Breki pedi, waipa, tairi, betri, klachi, vyote nje. Nikatoa hela mbele za watu na kuponi ninazo mkononi. Ile ya tatu nikachelewa wiki 3 kwa sababu ya safari, wakasema muda wake umepita. Mama yako alicheka siku ile, sikucheka naye.

Na usichanganye na waranti, maana hawa wauzaji wanavitaja kwa pumzi moja hadi unaona ni kitu kimoja. Waranti ni gari likiharibika kwa kosa la kiwandani. Pakeji ni matunzo ya kawaida tu, gia boksi ikifa leo pakeji haina habari nayo. Waranti nayo ina masharti ya sevisi, yasome, fanya kwa wakati na risiti tunza.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba anataka kuiingiza kwenye mkopo, eti rejesho la mwezi litapanda kidogo tu. Mkopo wako ni miaka 5. Oili ya mwaka wa kwanza, iliyomwagwa na kusahaulika, mwaka wa 5 bado unailipa, na riba juu. Hata ingekuwa sevisi zote 6 unazitumia, kwa njia hiyo bado ningekataa.

Akikung'ang'ania mwambie akupe ya sevisi 3 zinazohesabiwa kwa miaka, bei iwe chini ya jumla ya kulipa mojamoja, unalipa taslimu, na aandike kwenye mkataba kama ukiuza gari au likipata ajali unarudishiwa kiasi gani, na kama tawi lolote litaipokea. Akikubali yote nipigie, nitabadilisha mawazo. Akianza kusema ofa inaisha leo, chukua pochi yako uondoke, gari lenyewe halihitaji pakeji ili utoke nalo.

Hela hiyo ya pakeji igawe kwa miezi, kila mwezi weka pembeni, ikifika hiyo ya mwaka wa 4 na breki pedi zake utaikuta.

Kwenye kitabu cha gari kuna ukurasa wenye jedwali la sevisi, kilomita juu na vitu vya kubadili pembeni. Upige picha unitumie kabla ya kwenda kusaini, na uipige karibu, macho yangu unayajua.

Baba yako.